Sungura wa Sufu wa Waya Rispa

Juzi sokoni Kibuye nilikuwa nimeinama juu ya rundo la nguo za mitumba, nikimtafutia mwanangu sweta ya shule. Nilipoingiza mkono chini kabisa ya rundo, vidole viligusa kitu nilichokijua kabla sijakiona. Kilikuwa chepesi mno, na chenye joto lake chenyewe. Nikakivuta. Ilikuwa sweta ya kike, rangi ya maziwa, imechakaa viwikoni, na vinyweleo vyake vilisimama upepo ulipopita. Mwenye kibanda akaniambia, "Chukua, mama, hiyo ni sufu ya kondoo, iko na joto mzuri." Nikamwambia si kondoo, ni sungura. Akacheka, akamgeukia mwenzake na kumwambia kwamba leo wateja wamekuja na vichekesho. Sikubishana naye. Niliirudisha sweta pale pale, nikaenda kukaa kwenye benchi ya mama anayeuza chai, na hapo nikamlilia Waya Rispa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka mingi.

Waya ndivyo sisi Waluo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Waya Rispa alikuwa ameolewa Nyakach, mwendo mfupi kutoka soko la Katito, na nilipelekwa kuishi naye nikiwa na miaka tisa. Kwetu Kisumu mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mwingi. Baba aliniambia tu, "Unaenda kumsaidia waya yako na sungura." Niliamini kwamba nimefukuzwa. Nilikumbuka makosa yangu yote, sufuria niliyoiunguza, jiwe nililomrushia mtoto wa jirani, nisijue ni lipi lililoniponza. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba alijua jambo ambalo hakuna mwingine katika ukoo aliyelijua, na kwamba hakutaka dada yake abaki peke yake ndani ya nyumba ile.

Mume wa Waya tulimwita Ankal Ogola. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akinukia chai hata baada ya kuoga. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja. Hawakuwa na mtoto.

Walikuwa na sungura. Kwetu tuliwajua sungura wa kuchinjwa, wa kijivu, wanaofugwa na vijana nyuma ya nyumba. Hawa wa Waya walikuwa Angora, sungura wa sufu, na siku ya kwanza nilipowaona sikujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mnyama alikuwa donge jeupe kubwa lenye masikio mawili yenye vishada nchani, na ukisubiri kidogo, pua ilitokeza ikichezacheza. Masista wa misheni moja waliokuwa wakihama ndio waliompa Waya jike wawili na dume mmoja, wakamwachia na mkasi, kitana cha chuma na ujuzi wote waliokuwa nao. Watu walimcheka. Mnyama wa nchi za baridi, umlete Nyakach, ambako hata mbwa hulala mtaroni saa sita mchana? Lakini Waya alivijenga vizimba chini ya miarobaini, akaviezeka kwa nyasi badala ya mabati, akatundika magunia ubavuni ambayo tuliyamwagia maji asubuhi na adhuhuri. Ndani ya kila kizimba aliweka chungu kidogo cha maji kilichozibwa mdomo, na joto likizidi sungura alikwenda mwenyewe kukiegemea, akafumba macho.

Kazi zangu zilikuwa nyingi na nilizipenda zote. Nilikata majani ya viazi vitamu, nikayaanika kidogo ili yasiwaharishe. Niliwapa vipande vya papai bichi, maana sungura wa sufu hujilamba, na sufu anayoimeza ikijikusanya tumboni humwua. Kila Jumamosi tuliwachana. Waya aliwaweka mapajani mmoja mmoja, akaipuliza sufu kwa mdomo mpaka ngozi ya waridi ikaonekana, kisha akapitisha kitana kutoka ngozini kwenda nje, polepole, akiwasemesha kwa Kiluo. Dume aliitwa Bwana DC kwa sababu ya kiburi chake. Jike mkubwa aliitwa Nyarloka, yaani msichana wa ng'ambo. Kila baada ya miezi mitatu alizikata sufu zao kwa mkasi, akazisokota kwa kijiti chenye kibao cha mviringo kilichozunguka hewani kama kinachocheza, na nyuzi hizo akazipeleka Kisumu kwa kikundi cha akina mama waliokuwa wakifuma mitandio. Bwana DC peke yake hakukatwa mwaka ule. Alikuwa akiachwa avae koti lake lote kwa ajili ya maonyesho ya kilimo ya Kisumu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukanyaga kwenye vizimba vile, naye ni mama yake Ankal Ogola. Mimi nilimwita Dani, yaani nyanya. Aliishi ng'ambo ya kijito, si mbali, lakini kwetu hakuja. Tulipokutana naye njiani alimsalimia Waya akitazama pembeni, na kuna siku nilimsikia akimwambia jirani, "Mwanamke wa watu analea panya wa wazungu. Mwanangu anazeeka bila wa kumwita baba." Waya alisikia pia. Alinishika mkono tukaendelea na safari yetu.

Siku moja nilikwenda kuwalisha nikamkuta Nyarloka akijing'oa manyoya. Alikuwa akiinamisha kichwa, anauma sufu ya kifuani kwake, anaivuta mpaka inang'oka, kisha anaipeleka kwa mdomo kwenye sanduku la mbao lililokuwa pembeni. Kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu. Nilipiga kelele.

"Waya! Waya! Nyarloka anajiua!"

Waya alikuja mbio, akatazama, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Hajiui, nyathina." Nyathina ni mwanangu, na ndivyo alivyoniita siku zote. "Anawatandikia watoto. Kesho au kesho kutwa atazaa, na watoto wake huzaliwa uchi, hawana hata unywele. Sasa anatoa wa kwake awafunike."

"Haumii?"

"Labda anaumia. Lakini mama akikaribia kuzaa hajali."

"Mama yeyote?"

"Mama yeyote mwenye akili," alisema, akanifuta machozi kwa upindo wa leso yake.

Keshokutwa yake aliniinua nikachungulia. Sikuona mtoto. Niliona rundo la sufu nyeupe, na lile rundo lilikuwa likipumua. Waya akafunua kwa kidole kimoja, na ndani mlikuwa na vitu saba vyekundu, vidogo, vimefumba macho, vimelaliana. Nikaomba niguse. Akaniambia nijipake kwanza mikononi majani waliyolalia, ili mama yao asikatae harufu yangu.

Mvua za masika zilipoanza, Waya naye alianza safari za Kisumu. Kila baada ya wiki tatu aliondoka alfajiri na mfuko wa sufu, akarudi jioni amechoka, uso umekuwa rangi ya majivu. Aliniambia anapeleka nyuzi. Siku mbili tatu baada ya kila safari alitapika. Alikuwa mpenzi wa samaki kuliko watu wote niliowajua, na sasa jirani akikaanga tu, Waya alitoka nje akashika mti. Nilikuwa nimemwona mama akiwa hivyo hivyo kabla ya mdogo wangu kuzaliwa, kwa hiyo nilianza kufikiri. Nilifikiri kimya kimya, na nilijisikia mwerevu.

Kisha nikaona nywele. Zilikuwa kwenye mto wake asubuhi nilipokwenda kutandika kitanda, si moja wala mbili, vishungi vizima. Siku iliyofuata zilikuwa kwenye kitana, halafu kwenye sakafu ya bafu la nje, zimeshikana na sabuni. Waya akaanza kujifunga kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba. Mtu mzima yeyote angejua anachokiona. Mimi nilijua pia, au nilidhani najua. Waya wangu alikuwa akijinyonyoa. Waya wangu alikuwa karibu kuzaa.

Furaha niliyokuwa nayo siku zile siwezi kuieleza vizuri, na ndiyo inayoniuma hadi leo zaidi ya kitu kingine chochote. Nilitafuta katoni ya sabuni, nikaificha chini ya kitanda changu. Kila asubuhi nilikusanya nywele za Waya, nikazisafisha, nikazipanga humo. Niliona nyeusi peke yake ni ngumu kwa mtoto, basi nikachanganya na sufu iliyobaki kwenye kitana cha sungura. Nilimwazia akirukaruka kwa mshangao siku ya kuzaa, atakapokuta kazi imeshafanywa.

Siri hiyo niliitunza kwa wiki nzima. Alhamisi, Waya alinituma sokoni Katito kununua chumvi, nikampita Dani amekaa nyuma ya gunia lake la mtama. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nadhani nilikuwa nimechoka kumwona akimtazama Waya pembeni. Nilisimama mbele yake nikasema:

"Dani, Waya atapata mtoto."

Alikuwa akipima mtama kwa gorogoro. Mkono ukabaki hewani.

"Unasema nini?"

"Waya atapata mtoto. Anatapika asubuhi. Samaki hataki hata harufu yake."

"Amekuambia yeye?"

"Hapana. Nimeona mwenyewe."

Nilikuwa nataka kumweleza na habari za nywele, lakini hakunipa nafasi. Alinishika mashavu yote mawili kwa mikono yenye vumbi la mtama. Wanawake wa mafungu ya jirani walikuwa wametugeukia wanatusikiliza. Nilirudi nyumbani nikiruka. Chumvi nilisahau.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye vizimba, Bwana DC yuko mapajani kwa Waya, mimi nimeshika pampu ya baiskeli, maana ndiyo tuliyotumia kuipuliza sufu yake isishikane. Tukasikia vigelegele kutoka upande wa kijito. Vilikuja vikikaribia, vya sauti moja, sauti ya mzee inayokatika katikati na kuanza tena. Dani akatokea kwenye uzio. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kuku jogoo kwapani, kikapu cha unga wa wimbi kichwani.

"Rispa! Rispa nyara! Mungu hasahau mtu!"

Nyara ni binti yangu. Sikuwahi kumsikia akimwita Waya hivyo. Waya aliinuka taratibu na Bwana DC mikononi. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Dani, kisha mimi tena. Nami nikaona saa ya mshangao wangu imefika. Nilikimbia ndani, nikaburuta katoni kutoka chini ya kitanda, nikaja nayo kifuani.

"Waya, nimekutandikia," nilisema. "Nimezikusanya zote. Hakuna hata moja iliyopotea."

Niliiweka miguuni pake. Dani aliinama akatazama ndani, akanyoosha mkono, akagusa, akaurudisha mkono haraka. Waya alimrudisha Bwana DC kizimbani, akafunga mlango wa waya, akahakikisha umefungika.

"Mama, keti," alisema.

"Nitaketi nini? Hizi ni nywele za nani?"

"Keti kwanza, Mama."

Dani akaketi kwenye kigoda, jogoo bado yuko kwapani. Waya akafungua kitambaa chake. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua, na chepesi, na masikio yake yalionekana makubwa. Nilitamani afunge tena.

"Sina mimba," alisema. "Nina saratani. Ilianzia kwenye titi, sasa wanasema imekwenda kwapani. Hizi safari zangu za Kisumu ni za hospitali. Dawa wanayonidunga ndiyo inayotoa nywele."

"Ogola anajua?"

"Hajui."

"Unawezaje kumficha mume wako jambo kama hilo?"

"Angekuambia wewe. Na wewe ungemwambia aoe mwingine kabla sijafa."

Nilimtazama Dani nikisubiri akasirike. Hakukasirika. Aligeuka akatazama magunia yanavyodondosha maji.

"Kweli," alisema hatimaye. "Ningemwambia."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, na katika akili yangu ya miaka tisa neno saratani halikuwa na maana yoyote. Nilielewa tu kwamba hawakufurahia zawadi yangu. Nilifikiri labda katoni ni ndogo, mtoto hatatosha. Nikauliza kama nitafute kubwa zaidi. Ndipo Waya akakaa chini kwenye vumbi, akaipakata katoni, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Dani akainuka.

"Achi, tia maji motoni," aliniambia.

"Mama," Waya alisema, "huyo jogoo ulimletea mjukuu."

"Nilimleta nyumba hii. Tia maji, mtoto, unanitazama nini?"

Alimchinja jogoo mwenyewe, akamnyonyoa mwenyewe, akasonga ugali wa wimbi. Akamlisha Waya vipande vidogo vidogo kwa mkono, akimwambia tafuna, meza, tafuna. Jioni alirudi kwake, maana kwetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe. Kesho yake kulipopambazuka alikuwa tena kwenye uzio.

Alikuja hivyo kila siku. Ndiye aliyetuma habari Kericho, na Ankal Ogola alipofika alizungumza naye peke yake kabla ya kumruhusu aingie ndani. Nilimwona Ankal nyuma ya vizimba ameegemeza paji la uso kwenye mwarobaini. Baada ya hapo ndiye aliyempeleka Waya hospitali, kila safari, amembebea mfuko wake wa mkononi kama mwanamke, bila kujali anayemtazama.

Na Dani, aliyewaita panya, alijifunza sungura. Mwanzoni alikata majani tu akaniachia mimi nilishe. Halafu akaanza kuuliza. Huyu anakula nini? Huyu mbona amelala ubavu? Waya alimjibu akiwa kwenye mkeka chini ya mti, kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Siku ya kwanza Dani alipompakata Bwana DC, dume lile lilimkojolea gauni. Dani akamwambia, "Mwanaume ni mwanaume," akaendelea kumchana. Waya alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Maonyesho yalipokaribia, Waya hakuweza tena kutembea hadi barabarani. Nilidhani basi, Bwana DC hataenda. Lakini Dani alisema, "Ameachiwa koti mwaka mzima ili alivalie wapi? Hapa?" Ankal akaazima gari la kubebea miwa, akalifunika turubai juu, na tulikwenda mimi na Dani na kreti iliyozungushiwa magunia mabichi. Njia nzima Dani aliyanyunyizia maji kwa mdomo.

Uwanja wa Mamboleo ulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona, na ng'ombe waliooshwa mpaka wakang'aa. Kwenye banda la sungura tulikuta Angora wengine wanne, wote wa mashamba makubwa ya milimani, kwenye vizimba vilivyopakwa rangi, wenye sungura wamevaa makoti meupe. Sisi tulikuwa na kreti. Nilimpuliza Bwana DC kwa pampu mpaka mikono ikafa ganzi, na koti lake likasimama lote, na watu wakaanza kujazana mbele yetu.

Mwamuzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye rula mfukoni. Alimweka Bwana DC mezani, akapuliza sufu ya mgongoni, akapima urefu wake, akapuliza ya ubavuni, akaguna. Akampindua. Akaingiza vidole kwapani, upande wa kulia, akasimama hapo. Alikuwa amekuta fundo, sufu imeshikana, ndogo kama punje ya mahindi. Nilikuwa nimemchana mimi, na pale kwapani Bwana DC alikuwa akipiga teke, nami nilimwogopa nikapaacha.

"Hii sungura ni ya nani?" mwamuzi aliuliza, akitutazama, mzee wa gauni la kanisani na mtoto wa pampu.

Kiswahili cha Dani kilikuwa cha sokoni, lakini alisimama wima akajibu. "Ni ya mtoto yangu. Ni mgonjwa, iko nyumbani. Huyu ni ya kwake yote, ametengeneza yeye."

"Mtoto wako wa kiume?"

"Ya kike. Rispa. Andika Rispa."

Mwamuzi akaandika. Bwana DC alikuwa wa pili. Mwamuzi alituambia, bila kuulizwa, kwamba sufu nzuri namna ile katika joto la ziwani hajawahi kuishika, na lisingekuwa lile fundo mambo yangekuwa mengine. Nililia njia yote ya kurudi. Dani alinikalisha mapajani, akaniambia ninyamaze, kwamba wa pili kati ya watano si mtu wa kulia, lakini nilijua ni mimi niliyemharibia Waya.

Nilimwambia mwenyewe. Nilipiga magoti kando ya mkeka nikampa karatasi ya mshindi, nikamwambia habari ya fundo.

"Kwapani?" aliuliza. "La kulia?"

"Ndiyo, Waya."

"Hapo hapatulii," alisema, akausogeza mkono wake mwenyewe kidogo, akakunja uso. "Hata mimi hunipiga teke akifika hapo. Usijali." Aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake, na alimwomba Ankal amwonyeshe kila mgeni aliyekuja.

Kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nimelibeba. Kufikia wakati huo nilishaelewa saratani ni nini. Watoto shuleni walinieleza, kwa namna watoto wanavyoeleza. Nilielewa pia nilichokifanya sokoni siku ya Alhamisi ile, na nilipokumbuka jinsi nilivyoileta katoni kifuani nilitaka ardhi inimeze. Mchana mmoja, Dani amekwenda kijitoni kufua, nilikuwa namwonyesha Waya uzi nilioujaribu kuusokota. Ulikuwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine. Aliupitisha vidoleni akasema utafaa. Nikasema:

"Waya, nisamehe."

"Kwa uzi?"

"Kwa kumwambia Dani una mtoto. Nilikudanganyia watu."

Alilaza kichwa mkekani, nikadhani amelala. Siku hizo alilala katikati ya maneno.

"Hukujua kwamba Ijumaa yake nilikwenda kusaga," alisema. "Wewe ulikuwa shule. Nilikuwa sijui bado umesema nini. Nafika kwenye kinu, kuna foleni, wanawake wananipisha. Mmoja anachukua mahindi yangu kichwani, ananiambia usinyanyue. Mwingine ananitolea kigoda. Wale wale, Achi, wasiokuwa wakinisalimia. Mmoja ananiuliza, ni mwezi wa ngapi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema wa tatu."

Alinitazama kuona kama nimeshtuka. Nilikuwa nimeshtuka.

"Sikuwaambia si kweli. Nilikaa kwenye kigoda kile mpaka unga ukaisha kusagwa, na ukishaisha nikakaa tena kidogo. Walinieleza nile nini. Walinieleza watoto wao walivyowasumbua tumboni. Miaka kumi na mmoja wakianza mazungumzo yale mimi huondoka. Siku ile nilikaa. Halafu nikarudi nyumbani polepole, nimeshika kiuno, kama wanavyotembea." Akafumba macho. "Kwa hiyo usiniombe msamaha. Na usimwambie Dani nilisema wa tatu."

Sikumwambia. Wiki mbili baadaye, mwalimu aliniita nje ya darasa, nikamwona Ankal amesimama chini ya bendera, kofia mkononi.

Msiba ulileta watu wengi, na watu hula. Siku ya pili niliwaona vijana wawili wa ukoo wakizunguka vizimba, mmoja akipima uzito wa Nyarloka kwa mkono. Kabla sijafungua mdomo Dani alikuwa ameshafika. Hakuwagombeza. Alivuta kigoda akakiweka mbele ya vizimba, akamtoa Bwana DC, akampakata na kuanza kumchana mbele ya waombolezaji wote, kutoka ngozini kwenda nje. Alikaa hapo siku tatu, akiondoka tu wakati wa maombi. Baadaye aliwatunza miaka miwili zaidi, hadi ule ukame ambao kijito chenyewe kilikauka na magunia yakakosa maji. Walikufa mmoja baada ya mwingine mchana wa joto, na aliwazika, hakuwala.

Wazazi wangu walikuja kwa mazishi. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, na nilimwona kama mtu niliyemjua zamani. Kaburi lilichimbwa upande wa kushoto wa nyumba. Jeneza liliposhushwa, mchungaji alianza kuwaita watu wa kutupa udongo. Alimwita Ankal Ogola, naye akatupa, akashikwa na ndugu zake. Kisha mchungaji, kwa mazoea tu, akasema kwa sauti ile ile:

"Watoto wa marehemu waje mbele."

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alimnong'oneza. Mchungaji akakohoa, akatazama karatasi yake. Nyuma yangu niliwasikia wanawake wakisonya kwa huruma, na mmoja akisema, maskini, amekwenda bila kuacha jina.

"Samahani," mchungaji alisema. "Basi tuendelee na ndugu wa—"

"Ngoja," alisema Dani.

Alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alilizunguka lote, watu wakimpisha, akaja hadi niliposimama na baba, akanishika mkono bila kumwuliza mtu yeyote ruhusa. Mimi nilikuwa mtoto wa kaka yake Waya, wa ukoo mwingine na boma lingine, na wazee walijua hivyo. Hakuna aliyemzuia. Dani alinipeleka mpaka ukingoni.

"Ameitwa mtoto," alisema. "Huyu hapa."

Nilichota udongo kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mweusi na mzito, wa Nyakach, na ulishikana vidoleni nilipoutupa, ikabidi nipanguse mkono kwa mkono ili uanguke wote. Nilipogeuka nilimtafuta mama kwa macho, nisijue kama nirudi kwake. Alikuwa akilia. Alitikisa kichwa, akanionyesha kwa kidevu nisimame pale pale nilipo. Nikabaki ubavuni mwa Dani, mahali pa watoto, hadi kaburi likajaa.